Kabla Pikipiki Haijaanza Kutembea

Vijana wangu, mkisikia watu wakimtaja Mama Maswali msidhani ni mchawi wala mpelelezi. Ni mimi tu, Mama Kahindo, niliyestaafu na sasa nalima maharage yangu. Jina hilo nilipewa na waendesha pikipiki wa Butembo, na mpaka leo wapo wanaosimamisha chombo katikati ya mlima wakiniona na kupiga kelele, "Mama Maswali, ukuje nikujibu!" Nacheka, nawaambia swali limekwisha, wapite salama.

Espérance, ambaye siku hizi ndiye mkubwa wenu pale kazini, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza. Nilimwambia mimi si mtu wa kuandika, ni mtu wa kuongea. Akasema, basi andika kama unavyoongea. Haya, mmejitakia wenyewe.

Kazi yetu mnaijua, lakini niiseme kwa ajili ya yule aliyeingia jana. Nyumba yetu ya biashara inaleta pikipiki kutoka mbali, zikiwa vipande vipande ndani ya masanduku. Zinaungwa katika karakana mbili, moja Butembo na nyingine Beni. Mtu ananunua, anaondoka nayo. Baada ya miezi kama mitatu, mimi namtafuta na kumuuliza: tangu uanze kuitembeza, imekusumbua wapi? Majibu yake yanaungana na ya wenzake, na Patron, mkubwa wa nyumba hiyo, anayatazama ili aamue alete aina gani tena, na awaambie nini wale wanaotengeneza. Ni kazi ndogo machoni pa watu. Lakini mtu anaweza kupata mkate au kuukosa kwa sababu ya jibu ulilolibeba wewe, na hilo ndilo nataka mlielewe kabla hamjatoka na vitabletti vyenu.

Nilipoanza sikujua hata bougie, ile plagi inayowasha injini, ni kitu gani. Nilikuwa nimetoka kuuza vitenge. Siku ya kwanza mteja akaniambia, "Mama, bougie inakufa-kufa," nikampa pole kama mtu aliyefiwa. Kasereka, fundi mkuu wa karakana ya Butembo, alikuwa nyuma yangu. Mwingine angenicheka mbele ya watu. Yeye alingoja mteja aende, akaniita, akaichomoa ile bougie na kuniwekea mkononi ikiwa bado ya moto, nikaiangusha.

"Njo hii," akasema. "Sasa hautasahau tena."

Basi kila jioni kabla ya kufunga alinifundisha kitu kimoja. Leo breki, kesho mnyororo, keshokutwa amortisseur, zile springi za kupunguza mtikiso. Hakuwa mpole, msidhani. Nikikosea alinuna kama mbuzi aliyenyimwa chumvi. Lakini hakuchoka. Ukiniona leo naweza kusikiliza pikipiki ikipita na kukwambia mnyororo umelegea, ni mikono ya Kasereka hiyo. Namshukuru na sitachoka kumshukuru.

Sasa, kuuliza. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini kuuliza vibaya ni kazi bure. Jambo la kwanza: usimwulize mtu wa Butembo, "Pikipiki yako ni nzuri?" Atakwambia, "Iko muzuri sana, mama, hapana shida hata kidogo," na huku nyuma yake mnasikia vyuma vikilia ngwa-ngwa-ngwa. Si kwamba ni mwongo. Sisi huku tuna damu ya biashara. Mtu akinunua kitu leo, kichwani tayari anamwona atakayemuuzia kesho, na nani anatangaza ubaya wa bidhaa yake barabarani? Mimi nilijifunza kuuliza, "Mara ya mwisho uliposhuka njiani kabla ya kufika, ulishuka kwa sababu gani?" Hapo mtu anasahau biashara, anakumbuka jua lililompiga, anaanza kusimulia.

Jambo la pili: msiandike jina peke yake. Nenda kwenye parkingi yoyote, ita "Kambale!", uone wangapi watakaogeuka. Niliwahi kumpa Kambale mmoja pole ya ajali ya Kambale mwingine, akanitazama kama nimemwona katika ndoto mbaya. Chukueni namba ya chasi. Chasi haina ndugu wa jina.

Jambo la tatu nilifundishwa Beni, na Mzee Shabani wa mtaa wa Beu. Huyo ni msafirishaji, mwenye pikipiki nyingi anazowakabidhi vijana waendeshe. Nilikwenda kwake na maswali yangu, tukakaa, chai ikaja, vijana wake wakasimama mstari pembeni. Kila nilichouliza wakajibu kwa pamoja, "Iko bien, mama." Mzee akanitazama, akacheka ndani ya ndevu.

"Mama, piki ni yangu, lakini mugongo ni ya hawa," akasema. "Mbele yangu banaogopa nitasema banaharibu. Ngoja mi niende niswali. Weye uliza pole pole, nitakawia."

Akaenda msikitini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wale vijana waliolala na kunguni walinimwagia yote, breki ya nyuma, kiti kinachoteleza mvua ikinyesha, kila kitu. Mzee aliporudi hakuuliza nani kasema nini. Alisema tu, "Umepata?" Nikasema nimepata. Tangu siku hiyo kila nilipofika Beni, iwe Beu au Bungulu, nilitafuta kwanza mahali ambapo mwenye mali hayupo.

Mbinu zimebadilika, najua. Mimi nilianza na makaratasi ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Kisha ikaja simu, kisha sauti za WhatsApp, ambapo mtu anakujibu huku anaendesha na upepo unameza nusu ya maneno. Kuna nyakati barabara haikuwa ya kwenda, mnajua wenyewe nchi yetu, na simu ikawa ndiyo miguu yangu. Siichukii simu. Ila kuna jambo ambalo simu isingelinionyesha, na ndilo hasa nililotaka kuwasimulia. Yote niliyosema mpaka hapa ni chai tu kabla ya chakula.

Lilikuja toleo jipya la pikipiki. Zuri, jepesi, halinywi mafuta, watu walilipenda. Miezi ikapita, majibu yakaanza kuingia, na humo kukawa na neno linalojirudia: taa. Taa inafifia, taa inakufa, honi inalia kama paka kisha inanyamaza. Mwanzoni nilidhani ni mmoja mmoja. Espérance, wakati huo bado msichana mdogo mbele ya ordinateri yetu, ile kompyuta ya ofisi, ndiye aliyeniita.

"Mama Kahindo, angalia," akasema. "Butembo na Lubero yote banalalamika taa. Beni, zéro. Piki ni zile zile, masanduku yalikuja pamoja."

Ni kweli. Alikuwa ameyapaka majibu rangi, nyekundu kwa wanaolalamika, na upande wa Butembo, pamoja na Lubero wanaonunua kwetu, ulikuwa karibu wote mwekundu. Nilimsifu, na bado namsifu, maana bila jicho lake tungekuwa tunahesabu taa moja moja hadi leo.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja, Kakule, alikuwa anapandisha kutoka Lubero na magunia ya viazi. Mnaujua ukungu wa Lubero, unaweza kukushukia saa nane mchana usione mkono wako. Taa yake ikafa, lori likaja, halikumwona. Mungu ni mkubwa, alivunjika mguu tu. Lakini habari ilifika Butembo kabla yake, na watu wakaanza kusema dukani kwetu tunauza pikipiki vipofu.

Patron akaita mkutano. Alikuwa mtu mwema, lakini akiogopa hukasirika, na siku ile aliogopa. Aliiweka ile karatasi ya rangi ya Espérance juu ya meza.

"Beni hapana shida, Butembo shida," akasema. "Piki ni moja. Donc tofauti ni nini? Ni mikono iliyoziunga. Kasereka, weye na batu yako munafunga waya namna gani?"

Kasereka alisema anafunga kama siku zote. Patron akamwambia siku zote imekwisha, mwisho wa mwezi atamtafuta fundi mwingine kutoka Beni, na kama anaweza kuonyesha vingine, aonyeshe kabla ya hapo. Kasereka alichukua kofia yake na kurudi karakanani, na mimi nilibaki nimeketi. Yale majibu niliyakusanya mimi. Miguu yangu ndiyo iliyoyaleta. Mtu aliyeniwekea bougie mkononi alikuwa anafukuzwa kwa maswali yangu, na jambo baya zaidi ni kwamba sikuona kosa lolote katika majibu hayo. Watu walisema kweli, nasi tuliandika kweli.

Nilimfuata. Nikamwuliza, "Kasereka, kuna kitu ulibadilisha?"

"Hata vis moja," akasema, yaani hata skrubu. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, mi niliunga piki ya batu wa muji huu miaka yote hii. Batoto yangu banakula juu ya hii mikono. Uliza batu yako tena. Uliza muzuri."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na neno hilo, uliza vizuri. Kuna nini sikuuliza? Nilisali rozari nzima nikifikiria pikipiki, Mama Maria anisamehe.

Siku ya pili mguu wa jiko langu la makaa ulikuwa umekatika, nikaupeleka kwa Papa Matayo, soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma, wa kule karibu na barabara inayotoka kwenda Lubero. Nilikuta foleni. Mbele yangu pikipiki zilikuwa zimepangana, na viti vyake bado vimefunikwa na plastiki ya dukani. Plastiki yetu. Moja hata ilikuwa na ua la karatasi kwenye usukani, na matone ya maji ya baraka yalikuwa hayajakauka vizuri kwenye tangi. Mwenyewe alikuwa ametoka moja kwa moja kwa padri.

Nikamwuliza yule kijana, "Imekwisha haribika, hata wiki haijafika?"

Akashtuka, kama nimemtukania mtoto. "Hapana, mama! Iko mupya! Nimeitosha ku duka leo."

"Sasa inafanya nini hapa kwa soudeur?"

"Aa, mama, si inapita kwanza hapa? Padri anabariki, Papa Matayo anakaza porte-bagage ya nyuma, kisha inaanza kazi. Utabeba viazi namna gani na kile chuma ya duka?"

Sikuwa mgeni, vijana wangu. Nilizaliwa hapa. Kaka yangu alifanya hivyo, jirani yangu alifanya hivyo, kila pikipiki ya mlimani ina vipande vya chuma vilivyoungwa nyuma ili ibebe magunia. Alama hiyo tulikuwa tunaiona kila siku, kama unavyoona kovu la chanjo kwenye bega la mtu. Nani anauliza kovu la chanjo? Na swali letu lilisemaje? "Tangu uanze kuitembeza." Kwa mtu wa kwetu, pikipiki inaanza kutembea ikitoka kwa soudeur. Yaliyotokea kabla ya hapo si safari, ni ubatizo. Hakuna aliyetuficha. Tuliuliza kuanzia mlango wa pili, nao wakatujibu kuanzia mlango wa pili.

Nikasimama kumwangalia Papa Matayo. Akabana waya wake kwenye chasi, akavuta kioo usoni, cheche zikaruka. Betri ilikuwa ndani, imefungwa mahali pake. Mimi si fundi, lakini Kasereka alikuwa amenifundisha umeme unapenda kupita wapi. Nikaacha jiko langu pale pale.

Kabla sijafika kazini nikampigia Mzee Shabani kule Beni. "Mzee, piki zenu mpya zinapita kwa soudeur?"

"Soudeur ya nini?" akasema. "Siye huku tunabeba batu, mama, hatubebi viazi. Na mi sitaki mutu aunguze piki yangu."

Nilikaribia kumbusu kupitia simu, na yeye ni alhaji.

Kasereka alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta moja ya zile pikipiki zilizorudishwa kwa ajili ya taa, akafungua kidude kinachotuliza umeme usizidi, wanakiita régulateur. Akakinusa. Akanipa mimi ninuse. Kilikuwa kimeungua, harufu ya plastiki ya moto.

"Ile ya zamani ilikuwa inavumilia," akasema. "Hii mupya iko na roho ndogo. Mutu akichomea na betri ndani, anaipiga shoti mu moyo. Haifi siku ile. Inafia mu njia." Akaketi juu ya sanduku. "Mungu wangu. Na mi ninaionaga ile soudure kila siku."

Lakini Patron hakuwa mtu wa kuambiwa harufu. Tulihitaji majibu. Mimi na Espérance tukarudi kwa wateja wote wa Butembo na Lubero tuliowapata, kwa simu na kwa miguu, na swali moja tu jipya: kabla pikipiki haijaanza kutembea, ilipita wapi? Walicheka. Walidhani tumeishiwa maswali. "Ku soudeur, si unajua?" Wote wenye taa zilizokufa walisema hivyo. Sasa nikataka mtu asiyepita huko. Nikazunguka mji mzima sikumpata, nikaanza kukata tamaa, mpaka nikakumbuka kwamba kule Lubero masista wa misheni walichukua pikipiki kutoka kwenye masanduku yale yale.

Nikampigia sista anayeiendesha. Akashangaa. "Viazi? Hapana, mama, mi ninabeba tu kibegi yangu na hostia. Soudeur atafanya nini?" Na taa? "Taa inawaka kama ya altare."

Pikipiki ile iliungwa na mikono ya Kasereka, juma moja na ile ya Kakule.

Tukaingia kwa Patron sote watatu. Espérance akaweka rangi zake upya, safari hii si kwa miji bali kwa waliopita kwa soudeur na wasiopita. Patron aliinuka, akazunguka meza, akampa Kasereka mkono.

"Nilikukosea," akasema. "Mbele ya batu nilikukosea, na mbele ya batu nitalisema."

Na alilisema, karakana nzima ikisikia. Wakubwa wengi wangemaliza jambo lile ofisini, mlango umefungwa. Ninapokumbuka kazi yangu nashukuru pia kwamba nilikuwa na mkubwa wa namna hiyo, maana swali zuri bila sikio zuri halifiki popote.

Dawa aliitoa Kasereka mwenyewe, na ni ya kuchekesha. Tungewaambia watu wasiende kwa soudeur? Afadhali uwaambie wasiende kwa padri. Alichofanya, akaanza kuwapa wateja pikipiki bila betri. "Nenda ubarikiwe, nenda ukaze porte-bagage, kisha rudi uchukue betri yako." Watu walilalamika siku mbili tatu, kisha wakazoea, na Papa Matayo akaanza kujivunia kwamba yeye sasa ni sehemu ya nyumba yetu. Kakule alipopona mguu Patron alimpa pikipiki nyingine, na alikuwa wa kwanza kuja kwa Kasereka kuomba betri yake itunzwe. Malalamiko ya taa yakapungua hadi yakaisha. Tuliwaandikia wenye kiwanda, na toleo lililofuata likaja na chuma cha nyuma kinene, kinachobeba magunia bila kuongezwa kitu. Mnadhani foleni ya Papa Matayo iliisha? Nendeni mkaone. Plastiki bado kwenye viti.

Swali lile sasa ni la kwanza kwenye vitabletti vyenu. Najua mnaliona la kizee. Nasikia kuna mmoja wenu analiruka kwa sababu kila mtu anajibu vile vile. Mwanangu, usiliruke. Siku atakapopatikana mmoja wa kujibu tofauti, huenda kuna Kasereka wa mtu anangojea hapo.

Nimalize na siku yangu ya kuaga. Walinipikia kuku na ndizi, Patron akasema maneno mazuri ambayo nusu yake si mimi. Kisha Kasereka akasimama, mvi kichwani, na tableti mkononi. Akavaa miwani, akakohoa kama ninavyokohoa mimi, watu wakaanza kucheka kabla hajasema kitu.

"Mama Kahindo, bonjour. Siye tunatoka ku nyumba ya piki. Tuko na kaswali kadogo, hatutakukawisha."

Kicheko kikajaa nyumba. Nikajitengeneza kwenye kiti, nikamwambia, uliza.

"Mbele uanze kutembea," akasema, "ulipita wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa utani. Nilikuwa na utani mzuri tayari mdomoni. Lakini nikanyoosha mkono tu, nikamwonyesha yeye.

Akaandika.

"Wasingya, mama," akasema, asante ya lugha yetu, na akavua miwani ili aipanguse.